Kitabu cha Kifaranga na Nyumba ya Bibi Wegesa

Itiryo, Tarime
Jumapili, saa za ibada

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Naitanguliza mapema maana ukifika katikati ya barua hii utataka kuichana, na ningependa uwe umeshaniitikia. Hujambo wewe? Ule mguu uliokuwa unavimba umetulia, au bado unasimama kutwa nzima na hao watoto wako wa chekechea ya misheni? Mama anaendeleaje na kifua? Kaka Samweli mvua imemkubali mwaka huu, au mtama umekauka tena akiuangalia? Sisi huku tuko hai. Pendo hajambo, amerefuka, magoti yote yametoka nje ya sketi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma mwenyewe.

Barua yako ilifika, na kitabu ulichomtumia Pendo kilifika. Mama Rose, yule muuza vitenge wa kwetu Kiomboi, alivileta mwenyewe mpaka mlangoni, kitabu kimelowa kona moja tu. Umeniuliza mwishoni kabisa, kwa ule mwandiko wako wa kubonyeza kalamu ukikasirika: "Elia ameshazikwa, wewe unasubiri nini huko?" Dada, swali hilo ndilo ninalolijibu leo. Haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo kaa chini. Kama Mama yuko karibu msomee taratibu, na pale nitakapokuambia umruke, umruke. Ninajua unavyopenda kusoma kila kitu kwa sauti.

Tulikuja huku Tarime tukitokea Kenyamonta, upande wa Serengeti, kwa kufuata tetesi. Wachimbaji ndivyo walivyo. Mtu akisikia mahali fulani dhahabu imeonekana anakunja turubai kabla hujamaliza kuosha sufuria. Elia alikuwa fundi wa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara, yaani shimo wanaloshuka kutafuta mwamba. Mimi nilikuwa nawapikia. Asubuhi uji na mihogo, mchana ugali na dagaa, na kelele zangu juu yake. Waliniita Mama Kelele na bado walikuja kula. Mvua zilipoanza, wenzake walimwambia asiingie, akaingia kwa sababu alisikia magogo ya chini yanalia na kulikuwa na watu kule. Wale watu walitoka. Yeye ndiye duara lilimshukia.

Namna walivyomtoa nilishakuandikia, sirudii. Nisichokuandikia ni yaliyofuata. Huku Wakurya humzika mtu kwenye mji wake. Hakuna makaburi ya watu wote kama pale kwetu nyuma ya kanisa. Mtu ana boma, ana shamba, na akifa analala hapo hapo karibu na watu wake. Sisi tulikuwa na turubai juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye ardhi aliniambia usoni kwamba maiti ya mgeni hailali kwake, niipeleke kwetu. Kwetu ni Singida. Mvua inanyesha, barabara imekatika, na mimi sina hata blanketi la kumfunikia. Wachimbaji wenzake walikaa na mimi kidogo, halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu kama anayekwenda kujisaidia, na hakuna aliyerudi. Nilibaki nafukuza nzi kwa kanga. Sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia siku ile, na bado sijawasamehe.

Ndipo akatokea Bibi Wegesa. Huyu ni mjane wa hapa hapa, mke wa marehemu mzee Marwa, nilikuwa nanunua maziwa kwake. Tena wiki ile ile tulikuwa tumegombana, nimemwambia anatia maji kwenye maziwa, naye ameniambia watu wa Singida hatujui ng'ombe, tunajua vumbi. Alikuja mpaka kwenye turubai, akafunua uso wa Elia, akaufunika. Akasema, "Mleteni kwangu." Hakuuliza mtu. Elia amelazwa kwenye mpaka wa shamba lake la mahindi, karibu na ua wa katani. Jioni yake mimi na Pendo tulihamia kwenye jiko lake, na mpaka leo ndipo tulipo.

Sasa nikueleze Bibi Wegesa alivyo, ili usije ukadhani ni malaika. Ana mdomo mchafu. Ugali wangu anasema ni uji uliochelewa. Ana ndugu zake ng'ambo, Kenya, wakija na sabuni na mafuta anawagombeza kwanza ndipo anawakaribisha. Lakini Pendo akikohoa anaamka kabla yangu. Hana mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Robhi, akafa msichana. Alifaje hakusema, nami sikumwuliza. Na shamba lake wanalitaka. Shemeji yake, Mzee Chacha, mdogo wa marehemu Marwa, ndiye anaongoza. Tangu vijana waonyeshe vumbi la dhahabu kwenye kijito cha chini, Mzee Chacha amekuwa akija kumsalimia Bibi kila mara, mtu ambaye zamani alipita bila kukohoa. Amepigilia mambo, vile vijiti vya kupimia ardhi, mpaka hatua chache tu kutoka kichwani kwa Elia. Anasema nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni ya ukoo, na ukoo unataka kufungua duara.

Katika hali hiyo ndipo kitabu chako kilipoingia. Dada, uliona ni kitabu cha watoto tu, picha nzuri, kifaranga aliyeanguliwa kwa bata akiwa na sura mbaya, akachekwa, akakimbia, baadaye akagundua kwamba yeye ni bata maji. Ulimtumia Pendo kwa sababu nilikuandikia kwamba shuleni wanamwita "mtoto wa duara". Nakushukuru, ulifikiria vizuri. Mwanzoni alikuwa analala nacho. Kila kifaranga aliyemdonoa mwenzake alimpa jina la mtoto wa darasani kwake, na yule bata mkubwa wa kuonea akampa jina la mwalimu wake. Nilimkanya, halafu nikamwangalia vizuri yule bata, kweli anafanana.

Siku tunapukuchua mahindi uani akatusomea chote, silabi kwa silabi. Tulifika kwenye ule ukurasa wa baridi, ardhi yote nyeupe, kifaranga amejikunja peke yake. Pendo akauliza ile nyeupe ni nini. Nikasema barafu, ndiyo baridi ya Ulaya. Bibi akavuta kitabu, akakisogeza machoni.

"Ni unga," akasema. "Wamemwaga unga wote huu, halafu mtoto anakufa njaa juu yake."

Alisikitika kweli, hakuwa anatania. Sikumbishia. Tukaendelea mpaka picha ya mwisho, ile anayoogelea na bata maji wenzake, mweupe, shingo ndefu, na maneno yanasema sasa amepata kwao. Pendo akafunga kitabu. Mimi nilikuwa na machozi kidogo, sikufichi. Bibi akanyoosha mkono.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Mama yupi?" nikauliza.

"Yule bata. Si ndiye aliyeatamia?"

Tukafungua, tukaanza kumtafuta. Dada, kama una kitabu kingine kama hicho hapo chekechea, kiangalie. Mama bata yupo mpaka pale kifaranga anapokimbia, halafu hachorwi tena. Hatafuti, halii, hayupo kabisa. Bibi alipekua mpaka jalada la nyuma.

"Aliyechora hii hajawahi kufuga," akasema.

"Bibi, yai halikuwa lake. Lilichanganyika tu na mayai yake."

"Lilikuwa kwenye kiota cha nani?"

"Chake. Lakini damu ilikuwa ya bata maji."

"Hiyo damu ilikuwa wapi wakati mwenzake anakaa juu ya yai mvua inamnyeshea? Huku kwetu kifaranga huyo ni wa bata. Tungesema ana shingo ndefu, basi, watu wakaendelea na kazi zao."

Nilicheka mpaka punje zikanimwagika. Pendo hakucheka. Alikwenda jikoni akaleta kipande cha mkaa, akamchora mama bata kwenye ile picha ya mwisho, mkubwa kuliko wote, mabawa ameyafungua. Usinilaumu kwa kuharibu kitabu. Nilimwacha.

Bibi naye hakuwa anacheka. Alimtuma Pendo kuni, akasogeza kigoda. "Sikiliza, Mama Pendo," akasema. "Na mimi nyumba yangu ina kiota. Kaa ndani yake, na mtoto wako awe wangu."

Huku wana ndoa wanaiita nyumba ntobhu. Usishtuke, na wala usiwaze unayoyawaza, hakuna kulala pamoja. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anamchukua mwanamke kuwa mkamwana wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakumpata. Watoto atakaozaa mwanamke huyo, na hata yule atakayekuja naye mkononi, ni wa nyumba hiyo. Wanachukua jina la mzee wa nyumba hiyo, na shamba linakuwa lao. Aliyewazaa kwa damu hana neno. Nyumba inasimama tena, na akina Chacha wanaondoa mambo zao.

Nilikaa na maneno hayo tangu mahindi yanapukuchuliwa mpaka shamba linalimwa tena. Wewe ungeyakataa palepale, najua. Lakini hebu jiweke kwangu. Pendo angekuwa na mahali. Angekuwa na bibi anayempenda, na shamba, na shuleni wasingethubutu tena. Kaburi la baba yake lingekuwa kwenye uwanja wake mwenyewe. Kilichoniuma kilikuwa kimoja, jina. Kwenye daftari la mahudhurio anaitwa Pendo Elia. Angeitwa Pendo Marwa. Elia hakuacha kitu kingine duniani, dada, hata beleshi lake liliibwa. Niliona kama nakwenda kumzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu. Nililia nikiwa peke yangu, halafu nikasema moyoni sawa, maiti haili, mtoto anakula.

Nilimweleza Pendo kwa maneno mepesi, kwamba sasa atakuwa mtoto wa Bibi. Alifurahi, akarukaruka. Baadaye tukiwa tunateka maji akaniuliza, "Mimi nikiwa wa Bibi, baba atakuwa wa nani?" Nilimwambia aangalie ndoo isimwagike.

Wakaja wazee. Bibi alichinja mbuzi, nikapika ugali, na kichuri cha utumbo alipika mwenyewe maana alisema mimi nitawatia aibu. Mzee Chacha alikaa kiti cha mbele na fimbo yake. Alikuwepo pia Shangazi Ghati, dada yake, mama mnene mcheshi, ndiye pekee aliyenisaidia kupakua. Mkamwana haongei kwenye kikao cha namna hiyo. Mimi nilikaa chini karibu na mlango, Pendo mapajani, mdomo nimeufunga, na wewe unajua kazi yake kwangu.

Mzee Chacha alisema mengi. Kwamba mimi ni mtu wa kuja, watu wangu hawajulikani, nimefuata dhahabu na dhahabu ikiisha nitaondoka. Bibi alimjibu moja moja bila kupandisha sauti. Wazee wengine walikuwa upande wa Bibi, niliona vichwa vinavyotikisika kwa kukubali. Jambo lilikuwa linakwisha vizuri.

Hapa umruke Mama, mpaka nitakapokuambia.

Shangazi Ghati akamwita Pendo. Akamshika mikono, akamgeuza huku na huku, akamsifia macho. Akasema, "Mtoto mzuri. Acheni maneno. Huyu akikua kidogo, Desemba yake ikifika, ataingia na wenzake, atakatwa kama tulivyokatwa sisi, na hakuna mtu atakayemwita mgeni tena." Unaelewa anachosema. Huku wasichana bado wanakeketwa, kwa msimu, kwa ngoma na zawadi. Mimi nilikuwa najua mambo hayo yapo, nimewaona wakipita barabarani wamefunikwa kanga, watu wanawashangilia. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye jina na shamba na kaburi, sikufika huko. Niliona ni mambo ya watoto wao. Na Ghati alilisema kwa upendo, dada, hilo ndilo lililonimaliza. Alimpa Pendo kipande cha nyama.

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa anamimina pombe kutoka kwenye kibuyu, mkono ukasimama, pombe ikaendelea kumwagika chini na yeye haioni. Mzee Chacha akauliza swali wanalouliza mwishoni, ambalo jibu lake kila mtu alikuwa analijua.

"Wegesa, mtoto huyu ni wa nyumba yako?"

Bibi akaweka kibuyu chini. "Hapana," akasema.

Mzee mmoja akadhani hakusikia swali, akalirudia.

"Nimesikia," Bibi akasema. "Huyu si wangu. Ana baba yake, amelala pale kwenye katani, anaitwa Elia. Ana watu wake Singida. Alikuja kwangu kujikinga mpaka mvua ipite. Hakuna mtu wa ukoo huu atakayemdai, leo wala nikifa. Nyote mmesikia."

Yule aliyenibishia kuhusu kifaranga ndiye alikuwa anasema hivyo, mbele ya watu ambao angeweza kuwashinda kwa neno moja tu. Pendo alimwangalia Bibi, akaniangalia mimi. Alielewa. Siku hizi Kikurya anakielewa kuliko mimi. Alishusha ile nyama kwenye sahani polepole, akaja kusimama nyuma yangu.

Mama unaweza kuendelea kumsomea hapa.

Mzee Chacha aliinuka, fimbo mkononi, uso unang'aa. "Basi nyumba ni tupu," akasema. "Na mama wa mtoto ni mgeni vilevile. Aende na mtoto wake. Mambo ya lile kaburi tutajua sisi la kufanya." Wazee wakaanza kutafuta viatu. Bibi alikuwa anaangalia ile pombe iliyomwagika. Niliona mtu mzima akiishiwa mbele yangu, dada, bega moja likashuka, halafu la pili. Alikuwa amemaliza kila alichokuwa nacho.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, kwa Kiswahili maana Kikurya kilinikimbia, "Mimi si mgeni. Mtoto ndiye anakwenda kwao. Mimi nimekuja kuolewa na nyumba hii, na ninabaki."

Chacha akasema mkamwana haongei. Nikamwambia, "Basi umekubali kwamba mimi ni mkamwana." Wazee wakacheka, hata wale wa upande wake, na hapo akawa ameshindwa.

Wageni walipoondoka Bibi alinigombeza mpaka nikatamani duara. Nani alikuambia useme, nani alikuomba, mimi nimekufungulia mlango na wewe unarudi ndani. Nikamjibu na mimi, unanijua. Tulipochoka wote wawili akakaa chini, akasema, "Robhi alitoka damu tangu asubuhi mpaka jua linazama. Waliniambia itakata. Na mabega nilikuwa nimemshika mimi." Basi. Hajasema zaidi na mimi sitamwuliza. Hilo usimsomee Mama pia.

Sasa nakujibu swali lako, Yustina. Nasubiri nini huku? Sisubiri kitu. Nimebaki. Ng'ombe mmoja amehamishwa boma, amepelekwa kwa jirani aliyesimama badala ya Kaka Samweli kupokea mahari, na huyo ndiye ushahidi kwamba ndoa imefungwa. Mambo za Chacha zimeng'olewa, nilizing'oa mimi, tukazipikia maharage. Elia halali tena kwenye ardhi ya kuchimbwa. Na yule bibi aliyempokea akiwa ananuka, wakati ninyi nyote mliosali naye mlikuwa mbali na wote tuliokula naye walikuwa wamekimbia, hatafukuzwa kwenye nyumba yake akiwa na umri ule.

Utasema ningeondoka na Pendo, nyumba ya Wakurya si yangu kuisimamisha. Nilifikiria. Ningekuja kwenu, ningelala kwenye kile chumba chako kimoja cha misheni, ningemtazama Mama akizeeka, na kila mvua inaponyesha ningejua kwamba kule wamefika kichwani kwa Elia na beleshi, na Bibi yuko kwa ndugu zake Kenya analala kwenye stoo. Nisingeweza. Utasema basi nibaki na Pendo. Hilo ndilo haliwezekani. Mtoto akilala kwenye nyumba ya mkamwana ni mtoto wa nyumba, hata Bibi aape vipi. Mimi na Bibi tutamlinda mwaka huu na mwakani, halafu siku moja tuko sokoni, shangazi mcheshi atapita na kanga mpya. Bibi amesema maneno yale mbele ya wazee ili atoke. Yakikaa sana yatapoa. Lazima atoke sasa.

Najua ninachokiacha. Mchungaji wa huku amenisimamisha meza ya Bwana, anasema nimeingia kwenye mila za giza, ndiyo maana saa hii wenzangu wanaimba na mimi nakuandikia. Wanangoja nizae mtoto wa kiume. Nimeachiwa nimchague mwenyewe baba yake, na huku hiyo ni heshima kubwa, Bibi ameipigania. Mimi naiogopa heshima hiyo kama kifo. Sijui nitamwangalia mwanamume gani, na Elia pale nje. Sitaki kusema nina nguvu. Usiku wa juzi nilimwambia Bibi nimebadilisha mawazo, akasema sawa, nenda. Asubuhi nikaamka nikakamua ng'ombe.

Kwa hiyo mpokee. Mama Rose anarudi Kiomboi wiki hii kufuata mzigo, atakuja naye. Mwandikishe shule kwa jina lake, Pendo Elia, na mtu akikuuliza baba yake alikuwa nani mwambie alikuwa fundi, alirudi chini kwa ajili ya wenzake. Mlenda hali mwanzoni, usimlazimishe, ataona wenzake wanakula. Akiota anaongea Kikurya. Mwache aongee. Kitabu anakuja nacho. Ukiona uchafu wa mkaa kwenye picha ya mwisho, usifute.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda na asimlaumu mtu. Nisalimie Kaka Samweli, mwambie ng'ombe wake yupo huku ananenepa kwa jirani, na najua atatukana kwanza. Mkewe pia, na yule mwanawe mkubwa anayechunga. Msalimie mjomba fundi baiskeli, mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa mimi na Elia, na shoga yangu mpika uji wa misheni. Mwambie nimekuwa Mkurya, atacheka, mwache acheke. Bibi Wegesa anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba mtoto anapenda maziwa ya moto, yasiyo na maji.

Jambo la mwisho. Pendo hajui. Nimemwambia anakwenda kumsalimia bibi yake mzaa mama. Baada ya ile siku ya wazee alikuwa hamsemeshi Bibi, sasa wamepatana, na sikuweza kumvunja moyo tena. Najua nimekutwisha wewe kazi hiyo na ninakuomba radhi. Jana nilimfungia mzigo, nikatia nguo zake zote. Akazitoa. Akaacha gauni la njano la kusafiria na sweta, nyingine akazikunja mwenyewe, akampelekea Bibi, akamwambia, "Niwekee, nitavaa nikirudi." Bibi akazipokea, akazitia kwenye sanduku lake, akafunga.

Kwa hiyo atafika hana nguo, dada. Mnunulie.

Ni mimi mdogo wako,
Skola,
mkamwana wa nyumba ya Marwa